Harufu ya Petroli Sebuleni

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Tecla alimsaidia mama yake kuisukuma pikipiki kutoka sebuleni hadi uani. Mama alishika usukani, Tecla akasukuma kwa nyuma, na gurudumu la mbele lilipofika kizingitini wote wawili walivuta pumzi na kuinua.

Pikipiki ile ilikuwa ya zamani. Baba yake Tecla, aliyekuwa akifanya kazi ya kupakua mizigo kule Benaco na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi, aliinunua ikiwa imekwisha kupita mikononi mwa watu wengine. Rangi yake nyekundu ilikuwa imebaki kwenye kona za tangi tu. Ililala ndani kwa sababu pikipiki ikilala nje huenda ikaamka na mwenyewe mwingine. Chini ya injini walitandika gunia kuukuu la kunyonya oili. Tecla alipofagia sebule alilikung'uta gunia lile nje na kulirudisha mahali pake. Harufu ya petroli alikuwa ameizoea kama alivyoizoea harufu ya moshi wa jikoni.

Mama yake, Deodata, alikuwa muuguzi wa zahanati. Kila wiki alikuwa na siku ya kwenda kwenye vitongoji vya mbali vya Runazi kuwachanja watoto wachanga. Siku hiyo alifunga kisanduku cha chanjo nyuma ya pikipiki, akavaa koti lake la mvua, akaondoka mapema.

Asubuhi moja mama alifungua kifuniko cha tangi, akachungulia. Kisha akaitikisa pikipiki na kutega sikio. Petroli ilisikika chini kabisa, kama maji ya mwisho ndani ya mtungi.

"Tecla," alisema taratibu, "jana jioni niliweka petroli, wewe ukiwa umesimama hapa."

"Ndiyo, mama."

"Sasa iko wapi?"

Halikuwa jambo la mara ya kwanza. Wiki iliyotangulia petroli ilimwishia mama katikati ya pori, mahali pasipokuwa na nyumba wala duka. Aliisukuma pikipiki juani hadi miguu ikamwaka moto. Alipofika, akina mama waliokuwa wakimsubiri na watoto wao mgongoni walikuwa wamechoka na kwenda zao, na barafu ndani ya kisanduku ilikuwa imegeuka maji. Chanjo ikipata joto haifai tena. Jioni ile mama alikaa kwenye kiti bila kuvua viatu, na hakula.

"Kuna mtu anafyonza petroli yangu," mama alisema. Alimtazama binti yake usoni. "Umemwona mtu yeyote akiigusa pikipiki hii?"

Jana yake, mama alipokuwa ndani, Tecla na rafiki zake walikuwa wameipanda pikipiki wakicheza, mmoja akijifanya dereva na wengine abiria. Mama alikuwa amekataza mchezo huo. Kama angesema hakuna aliyeigusa, ungekuwa uongo. Na kama angesema ukweli, angeadhibiwa, na huenda hata wizi angetupiwa yeye.

Hapo akamkumbuka Kazimili.

Kazimili alikuwa kijana aliyetoka Shinyanga, akapanga chumba cha uani kwao. Alilima nyanya na kabichi bondeni, na alikuwa na pampu ndogo ya petroli ya kumwagilia. Hakuwa na maneno mengi. Alfonce, mdogo wake Tecla aliyekuwa hajaanza shule, alimpenda sana kwa sababu alimfundisha kuamkia kwa Kisukuma. Kila asubuhi mtoto yule alisimama mlangoni kwa Kazimili na kuita, "Mwangaluka," na sauti ya ndani ikaitikia, "Mwangaluka." Jana jioni Tecla alikuwa amemwona Kazimili akikatiza uani na kidumu cha petroli mkononi. Alipita karibu na pikipiki, iliyokuwa bado haijaingizwa ndani, kwa sababu njia ya chumbani kwake inapita hapo. Ni hayo tu aliyoyaona.

"Nilimwona kaka Kazimili," Tecla alisema. "Alikuwa anatoka kwenye pikipiki, na kidumu cha petroli."

Mama aliutazama mlango wa Kazimili. Kisha akafunga kifuniko cha tangi kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

* * *

Neno likishatoka mdomoni halina mwenyewe. Mama alimwambia mwenzake wa zahanati, mwenzake akamwambia mumewe, na kabla juma halijaisha kitongoji kizima kilikuwa kikisema kwamba yule Msukuma wa bondeni ni mwizi wa petroli. Gulioni watu waliipita meza ya nyanya zake kama hawaioni. Mwanamke mmoja aliyekwisha kuchagua nyanya alizirudisha moja moja, akafuta mikono kwenye kanga yake, akaondoka.

Tecla aliyaona hayo yote. Kila alipokutana na Kazimili uani aliinamisha macho. Kazimili alimsalimia mara moja, na mara ya pili, kisha akaacha. Hata Alfonce alipoita mlangoni, kulikuwa kimya.

Tecla alitaka kumwambia mama ukweli, lakini kila siku iliyopita iliufanya ukweli kuwa mzito zaidi. Alijifariji kwamba labda Kazimili kweli ndiye aliyechukua. Petroli iliendelea kupungua, na petroli haina miguu ya kuondoka yenyewe.

Jumamosi, Mzee Gervas, mwenyekiti wa kitongoji, aliita kikao nyumbani kwake mchana. Mama alikwenda. Asubuhi hiyo alikuwa ametoka Nyakanazi kujaza tangi pomoni kwa ajili ya safari ya chanjo ya Jumatatu, akaiingiza pikipiki sebuleni kwa sababu mawingu yalikuwa yametanda.

"Kikao kikithibitisha, leo leo atahama," alimwambia Bibi Secilia, mama yake mzazi aliyekuwa akiishi nao. "Siwezi kukaa na mtu ambaye watoto wa watu wanakosa chanjo kwa ajili yake."

Tecla alikuwa akipepeta maharage barazani. Vidole vyake viliacha kufanya kazi.

Mvua ilianza mara mama alipotoka. Ilikuwa mvua ya upepo, na paa la nyasi la jikoni likaanza kuvuja juu ya sufuria. Bibi alikuwa ameshawasha jiko la mkaa.

"Tecla, mjukuu wangu, lipeleke jiko sebuleni," Bibi alisema. "Hapa ugali utakuwa uji."

Tecla alilishika jiko masikio yake kwa matambara, akakimbia nalo, makaa yakiwaka mekundu chini ya kidevu chake. Alfonce alikuwa amelala kwenye mkeka sebuleni tangu asubuhi, akilalamika kichwa kinamuuma. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ajili ya mvua. Tecla aliusukuma kwa kiwiko.

Harufu ilimpiga usoni.

Haikuwa ile harufu aliyoizoea. Ilikuwa nzito, ikamwingia puani na kumchoma hadi machozi yakamlenga. Mguu wake mmoja ulikuwa umeshavuka kizingiti. Macho yake yalishuka kwenye gunia chini ya pikipiki, akaona doa jeusi lililolowa, likiwa limetanuka hadi karibu na mkeka aliolalia Alfonce.

Cheche moja ilipasuka kwenye makaa, ikaruka, ikazimikia kwenye mkono wake. Hakuusikia uchungu. Alirudi nyuma polepole, hatua kwa hatua, kisha akageuka na kukimbia hadi katikati ya uwanja, akaliweka jiko chini kwenye mvua. Makaa yalilia na kutoa mvuke.

"Una wazimu?" Bibi aliuliza kutoka jikoni.

"Bibi, usiwashe kitu. Petroli imemwagika ndani. Alfonce yumo."

Aliingia akiwa ameziba pua kwa kola ya gauni, akamwinua Alfonce, akamtoa hadi barazani. Akarudi kufungua dirisha. Akapiga magoti kando ya injini. Koki ya mafuta, ile swichi ndogo chini ya tangi, ilikuwa wazi kama ilivyokuwa siku zote, kwa maana mama hakuwa na desturi ya kuifunga. Tecla aliigeuza hadi ikakaza. Kisha yeye na Bibi waliisukuma pikipiki hadi barazani, Bibi akihema na kumwita Mungu kwa sauti ya chini.

Tecla alilivuta gunia nje. Lilikuwa baridi mkononi mwake, ubaridi wa ajabu ule ambao petroli huuacha kwenye ngozi inapokauka. Alilitazama huku likikauka upande wa juu mbele ya macho yake. Sasa alielewa. Kila usiku petroli ilikuwa ikidondoka juu ya gunia lililojaa oili, na kufikia asubuhi ilikuwa imeruka hewani, imebaki harufu tu. Harufu hiyo ndiyo waliyokuwa wakiivuta usingizini.

"Mwite mama yako," Bibi alisema.

Tecla alikuwa ameshaanza kukimbia.

* * *

Njiani alikuwa na nafasi ya kufikiri, na mawazo yaliyomjia hayakuwa mazuri. Angeweza kusema tu, "Mama, pikipiki inavuja," na kunyamaza. Kazimili angeokoka, naye asingeulizwa kitu. Lakini watu wangesema, pikipiki inavuja na kijana anaiba vilevile, kwani si mtoto alimwona?

Alifika amelowa chapachapa. Wazee wachache walikuwa wameketi kwenye viti chini ya upenu wa bati. Mama alikaa kando. Kazimili alikuwa amesimama mbele yao, kofia mkononi.

"Kidumu ni changu," alikuwa akisema. "Petroli niliinunua dukani."

"Mwenye duka anasema anawauzia watu wengi, hakumbuki," alijibu Mzee Gervas. "Na mtoto alikuona. Mtoto hana ugomvi na wewe."

"Shikamooni," Tecla alisema.

"Marahaba. Kuna nini, binti?"

"Sikumwona."

Mama aligeuka. Tecla aliyakaza macho yake kwenye mguu wa kiti cha mwenyekiti ili asiwatazame watu.

"Sikumwona akitoka kwenye pikipiki. Nilimwona akipita uani na kidumu chake. Hayo mengine niliyaongeza. Niliogopa kwa sababu jana yake nilikuwa nimeichezea pikipiki na rafiki zangu. Na sasa nimekuta petroli imemwagika ndani, gunia limelowa, na nilikuwa nimeshika jiko la mkaa."

Mama alisimama wima. "Alfonce?"

"Yuko nje na Bibi. Hajaungua mtu."

Mvua ilizidi kupiga juu ya bati. Kisha mzee mmoja, Pancras, akakohoa. "Huenda mtoto ameona huruma. Watoto wakiona mtu anafukuzwa hubadili maneno. Pikipiki ya zamani haikosi kulowa."

"Basi twende tukaone," Mzee Gervas alisema, akachukua fimbo yake.

* * *

Walipofika mvua ilikuwa imebaki manyunyu. Mama alimkumbatia Alfonce kwanza, akamgusa paji la uso, kisha ndipo akaigeukia pikipiki. Kazimili alisimama mbali, mgongo kwenye nguzo, mikono nyuma.

"Wewe unazijua mashine," Mzee Gervas alimwambia. "Hebu angalia."

"Hapana, mzee. Nikiigusa, kesho mtasema niliitoboa mwenyewe. Waangalie wao."

Hakuna aliyemlaumu.

Chini ya tangi palikuwa na giza. Mzee Pancras aliinama, akatia mkono mfukoni, akatoa kiberiti. Tecla aliukamata mkono wake kabla hajafikiri kwamba ni mkono wa mzee.

"Babu, nisamehe. Usiwashe."

Mzee Pancras alikitazama kiberiti, akalitazama gunia, akakirudisha mfukoni polepole. Waliisogeza pikipiki ukingoni mwa baraza, penye mwanga.

Mama alipangusa injini yote kwa kitambaa kikavu. "Ni kabureta," alisema. "Hapa ndipo penye unyevu."

"Usitegemee macho tu," Bibi alisema. "Chungu kikivuja pasipoonekana, mtu hukikausha, akakipaka unga mkavu, akangoja." Aliingia ndani na kutoka na unga wa muhogo kwenye kibakuli. Tecla aliunyunyiza kwa vidole juu ya kabureta, juu ya koki, na juu ya mpira mweusi unaoshusha mafuta kutoka kwenye koki hadi kwenye kabureta. Pikipiki ikawa nyeupe kama iliyokuwa safarini kiangazi.

Wakangoja.

Hakuna kilichotokea. Unga ulikaa mweupe. Majirani walikuwa wamekusanyika kando ya uzio. Manyunyu yalikatika, na bado unga ulikuwa mkavu.

"Haivuji," mtu alisema nyuma.

"Nilisema," Mzee Pancras alinong'ona.

Mama alimtazama Tecla, na katika macho yake Tecla aliona swali ambalo hakupenda kuliona. Nani angemwamini sasa? Amekwisha kusema maneno mawili tofauti kwa jambo moja. Alimtazama Kazimili. Kijana alikuwa ameelekeza uso bondeni, kama mtu aliyekwisha kufunga mizigo yake.

Tecla alijilazimisha kukumbuka kila alichokifanya tangu alipovuka kizingiti. Jiko. Alfonce. Dirisha. Akapiga magoti.

"Koki," alisema. "Niliifunga mimi mwenyewe. Petroli haiwezi kushuka."

Mama aliinama na kuifungua. Wote wakasogea. Mwanzoni hapakuwa na kitu. Kisha doa dogo la kijivu likajitokeza chini ya kabureta, likakua.

"Nilisema ni kabureta," mama alisema, akanyoosha mkono kwenye skrubu.

"Mama Tecla, usifungue hapo." Kazimili alizungumza bila kuondoka kwenye nguzo yake. "Petroli haipandi, inashuka. Tafuta juu ya doa, si kwenye doa."

Tecla aliweka shavu lake karibu na tangi. Upande wa nyuma wa mpira, ule unaotazama injini ambao mtu aliyesimama hawezi kuuona, unga ulikuwa umechorwa mstari mwembamba wa unyevu. Aliufuata kwa kidole kwenda juu. Uliishia pale mpira unapovikwa kwenye koki, chini ya kibanio cha waya. Mama akaupinda mpira kidogo, na ufa ukafunguka kama mdomo. Tone likatoka, likateleza nyuma ya mpira, likapita juu ya kabureta na kuangukia sakafuni. Likafuata jingine.

Kila mtu uani aliliona.

Mama alifunga koki. Alikaa chini pale pale sakafuni. Kisha akainuka, akaenda hadi penye nguzo.

"Kazimili, nimekukosea. Niliambiwa neno nikalibeba bila kulipima. Sikukuuliza wewe kwanza."

"Tecla naye?" Mzee Gervas aliuliza.

Tecla alisimama kando ya mama yake. "Kaka Kazimili, nilikusingizia. Naomba unisamehe."

Kazimili aliigeuza kofia yake mikononi. "Nimesikia," alisema hatimaye. "Lakini hapa uani si mahali nilipoharibikiwa. Niliharibikiwa gulioni."

"Ni kweli," mama alisema. "Tutakwenda huko huko."

* * *

Siku ya gulio walikwenda. Mama alivaa sare yake ya zahanati ili kila mtu amtambue. Alisimama mbele ya meza ya nyanya na kueleza habari yote kwa sauti ya kusikika: mpira uliopasuka, na neno lililosemwa kabla ya kuchunguzwa. Tecla alisema sehemu yake mwenyewe. Wanafunzi wenzake wawili walikuwa wakimtazama kutoka kwenye kibanda cha chapati, lakini alimaliza. Si wote waliogeuka wakanunua. Mwanamke yule aliyerudisha nyanya alisimama kwa muda, akasogea, akaanza kuchagua.

Pikipiki ilikuwa imekwisha kufungwa mpira mpya na fundi, na kule vitongojini watoto waliokosa chanjo walikuwa wamechanjwa. Haikulala tena sebuleni. Mama aliijengea kibanda cha bati chenye kufuli mbali na jikoni, na kila jioni alifunga koki. Alfonce hakulalamika tena kuumwa kichwa.

Njiani kurudi nyumbani Tecla alingoja kugombezwa. Mama alitangulia hadi walipofika kwenye mashamba ya mihogo.

"Nimefikiri nikupe adhabu gani," alisema, "nikaona ile ya gulioni inatosha. Ila nisikilize vizuri. Mimi ni muuguzi. Mgonjwa akiniambia anaumwa tumbo, siandiki kwamba ana minyoo. Naandika tumbo, kisha ndipo napima. Nikiandika minyoo kwa kubahatisha, nampa dawa isiyo yake, na ugonjwa wenyewe unabaki ndani ukimla. Wewe uliona mtu na kidumu. Ungeniambia hivyo hivyo tu, ningeendelea kutafuta. Kwa kuwa uliongeza, nikaacha kutafuta, na petroli ikaendelea kumwagika pale anapolala mdogo wako. Neno moja la kuongeza lilitaka kumfukuza mtu asiye na hatia, na lilitaka kutuchoma sisi wenyewe."

"Niliogopa kuadhibiwa kwa ule mchezo, mama."

"Najua. Kwa ule mchezo ningekufokea jioni moja tu." Mama alimshika mkono. "Ukiulizwa, sema ulichokiona. Kama hukuona, sema hukuona. Ukifanya hivyo, hata siku neno lako litakapokuwa peke yake, watu watalisimamia."

Walipoingia uani, Kazimili alikuwa ametangulia kwa njia ya mkato, akiosha miguu mlangoni kwake. Alfonce alikuwa amesimama mbele yake, mikono nyuma kama mtu mzima.

"Mwangaluka," alisema, ingawa jua lilikuwa linazama.

Kazimili alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Hiyo ni ya asubuhi, mdogo wangu. Kaa hapa nikufundishe ya jioni."